Sasa Mhusika Aweza Kuketi

Gigabaiti thelathini na moja.
Nimezivuta usiku tatu kwa bando la usiku wa manane,
simu imetundikwa dirishani, juu kabisa, hapa Mkomani,
pembe pekee ya nyumba ambayo mtandao hupita bila kujikwaa.
Asilimia tisini na nane. Punda wa jirani amelia mara mbili.
Mama akauliza kutoka chini: wewe, walala au wawanga?
Nikamjibu nashona.

Si uongo mtupu. Kofia ya vito ipo pajani,
sindano imesimama kwenye tundu la mia ngapi sijui,
na mteja wa Shela anaitaka kabla ya Maulidi.

Upanuzi ukafunguka. Milki ya Ukungu, sehemu ya tatu.
Wameongeza bara zima la kaskazini, lote barafu
(mimi barafu naijua ya samaki),
majoka ya kupanda, yana tandiko na hatamu,
kabila la watu wenye pembe, ngazi ishirini za kukwea,
na mganga, yaani mimi, kapewa dua
ya kufufua maiti watano kwa pumzi moja.
Lali wa saiba ya Langoni hajalala kwa furaha:
Mwanaheri, yanatema moto wa buluu!
Yateme, nikamwandikia, mradi tokeni ya stima isiishe.

Mimi nilisoma orodha ya mabadiliko hadi chini,
kule wasikofika wenye haraka,
baada ya bei ya mishale, baada ya mlango wa ghala uliokuwa ukikwama.
Mstari wa sitini na tatu. Maneno manne.

Famau, umeuona?

Mwaka wa tatu huu kaka yangu yuko Doha,
analinda maegesho ya magari chini ya ardhi, zamu ya usiku.
Ijumaa hupiga simu, humwambia mama nala vyema, nalala vyema,
mama naye humwambia hivyo hivyo,
waongo wawili wanaopendana.
Kwenye Milki hatudanganyani. Yeye mkuki, mimi dawa.
Tumeua nyoka wa vichwa saba, tumekufa, tumefufuka,
na maneno yetu yote tumeyasema wima,
kama watu kwenye foleni ya pasipoti.
Raya alipodai talaka, nilisikia katikati ya mazimwi:
Ngoja, damu inaniishia.
Ngoja, nakutibu. Alisemaje?

Mtu wa Amu, kuzungumza wima!
Sisi tuliojenga baraza ubavu huu wa mlango na ubavu huu
ili neno lisichoke miguu.

Akaingia saa tisa na dakika kumi. Mapumziko yake robo saa.
Joka sikumwonyesha. Nikamvuta hadi mji mpya,
nje ya karakana ya mfua vyuma, penye benchi la jiwe.
Kitufe kilitupa taabu. Yeye aliruka.
Mimi nikainama kama ninayesujudu.
Akarusha mkuki kwa bahati mbaya, akaua kuku wa mtu.
Kisha mkuki ukajilaza kando wenyewe, magoti yakakunjika,
na lile jitu lenye deraya likakaa.
Nikakaa.

Muda mzima hatukuandika kitu.
Theluji ilituangukia mabegani, haikulowesha.
Halafu akaandika: Yeo mumepika n'ni?
Mofa, na mchuzi wa papa. Papa kazidi chumvi.
Na mguu wa Bi Zuena?
Unavimba. Na mlango wa daka umeliwa na mchwa,
hakuna aliyetaka kukwambia.
Kwa mara ya kwanza sikuwa na jambo la kutibu.

Akakata saa tisa na dakika ishirini na sita, kachelewa moja.
Mwili wake ulibaki pale sekunde kumi, umekaa,
hilo nalo jipya, mstari wa sitini na nne,
kisha benchi likawa jiwe tu.

Wacheka na nani huko juu?
Na Famau.
Kapiga simu saa hizi? Kuna nini?
Hakuna, mama. Tulikaa tu.

Akanyamaza. Nikasikia kanga yake ikiburura ngazini, akipanda.